Tuma Picha Kabla ya Kusaini

TAHARIRI

Ndugu zetu wa Mbeya na Iringa hutuuliza jambo hili saini ikiwa imeshawekwa. Mtu ameacha kazi shamba la chai Mufindi au kiwandani Iyunga, afisa utumishi kamwekea karatasi mezani, naye kasaini ili alipwe aondoke. Jioni anaituma WhatsApp: "Kaka, hapa nimesaini nini?" Safari hii tunajibu mapema.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka anayeacha kazi atoe notisi ya maandishi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, isipungue siku 28. Barua hiyo aiandike mwenyewe, abaki na nakala yenye muhuri wa mapokezi. Kuacha kwa hiari hakumnyang'anyi mshahara wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo anayodai, wala cheti cha utumishi.

Fomu ya makabidhiano haina ubaya: umerudisha kikapu, buti na kitambulisho, unasaini. Shida iko mstari wa chini: "Nimelipwa stahili zangu zote, sina dai lolote." Huo usisainiwe kabla fedha haijapokelewa na kuhesabiwa. Akibanwa, aandike kwa mkono kando ya saini kiasi alichopokea na tarehe. Fomu ikiwa ya Kiingereza, aombe aondoke nayo akasomewe.

Aangalie zaidi anayeambiwa, "Andika barua ya kuacha, tusikufukuze." Kiinua mgongo, yaani mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa utumishi hadi miaka 10, hulipwa mwajiri anapokuachisha. Fao la kukosa ajira la NSSF nalo halimhusu aliyeacha mwenyewe. Barua moja, hasara mbili. Aliyeandikishwa kwa shinikizo anaweza kudai kwamba ameachishwa, ila awahi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30.

Sisi huku Uingereza, mkataba wa kumaliza madai na mwajiri haukufungi mpaka upate ushauri wa mtaalamu asiye wa upande wake. Nyumbani mshauri wa kwanza huwa ni sisi, kwa simu, na wengi wetu si wanasheria. Kwa hiyo ndugu akituma picha, tumwambie asisaini kwanza, kisha tumwelekeze kwa chama chake cha wafanyakazi: TPAWU kwa wa mashambani, TUICO kwa wa viwandani.