Kaka, Maiti Nayo Hufomatiwa?

Wiki iliyopita nusura safu hii niiandike kutokea uhamishoni, maana Mikese nzima ilikuwa inanitafuta mimi na mama yangu. Na chanzo chake ni kompyuta!

Kwa wasiopajua, Mikese ni pale ukitoka Morogoro mjini kuelekea Dar, kabla hata hujaanza kuchoka kukaa kwenye basi. Barabara kuu inapita hapa, reli ya zamani inapita, malori yanapita, na siri ya mtu nayo inapita, tena bila nauli. Mama yangu ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama, wanachama 30. Sanduku la fedha lina makufuli matatu na funguo wanazo akina mama watatu tofauti, kwa hiyo pesa zenyewe hazina wasiwasi. Kazi iko kwenye hesabu. Nani ana hisa ngapi, nani kakopa, riba imefika wapi, faini ya kuchelewa ya nani haijalipwa... Miaka miwili iliyopita mimi na kiherehere changu nikamshawishi mama aachane na madaftari, kila kitu tukiingize kwenye kompyuta yetu ya mtumba. "Mambo ya kisasa, mama!" Mama wa watu akakubali. Mgawo wa mwaka huu ulipangwa Jumamosi, saa nne asubuhi.

Basi bwana, Jumanne usiku mvua ikashuka, radi zikapiga kutoka upande wa milimani, umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena. Jumatano asubuhi nabonyeza kitufe. Feni inazunguka, taa inawaka, skrini inatoa maandishi meupe kwamba tarehe siyo sahihi, bonyeza F1 uendelee. Nikabonyeza. Nembo ya Windows ikaja, nikashusha pumzi. Ghafla skrini ikawa bluu! Yakatokea maandishi ya Kiingereza, yakapotea kabla sijamaliza mstari. Mashine ikajizima, ikajiwasha yenyewe, ikaleta nembo, ikaleta bluu, ikajizima tena. Nikaiacha ifanye hivyo mara sita nikidhani itachoka. Wapi! Nikachoka mimi.

Hivi mnajua kwamba mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, wakaziita Jambo OpenOffice? Nawapa heshima zao. Lakini mashine yangu mimi, ikiugua, inalia kwa Kizungu.

Kosa nililofanya ni kupiga kelele mbele ya mdogo wangu. Dogo akaenda bombani kuteka maji. Saa sita mchana habari zikarudi nyumbani kwamba hesabu za kikoba zimeungua na radi. Jioni zikarudi tena, safari hii zimenenepa: pesa zimeliwa, radi imesingiziwa! Mama mwenyekiti akapiga hodi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nasikia kompyuta inaumwa?"

"Inaumwa kidogo, mama."

"Kidogo ya kupona, au kidogo ya kuahirisha mgawo?"

Nikaishiwa pozi. Mama yangu alikuwa jikoni, akajifanya hasikii, ila nilimwona mikono inatetemeka kwenye sufuria. Pale kikobani kuna mtu anasubiri mgawo apeleke mtoto shule, kuna anayetaka bati, kuna anayedaiwa dukani tangu Ramadhani. Ukimwambia mtu wa namna hiyo habari za skrini ya bluu, anakuona mwizi tu.

Usiku huohuo akaitwa mjomba. Kwa sisi Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba akisema amesema. Akaikagua mashine kwa tochi, akakohoa, akatoa hukumu: "Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Watu wakacheka. Mnaona sasa?" Akaondoka zake.

Alhamisi nikapanda Costa na sipiyu mapajani kama mtoto mgonjwa, mpaka mjini kwa fundi. Jina lake nalihifadhi. Akaichomeka, akaiangalia kama dakika mbili hivi, akatingisha kichwa. "Sista, hadi diski imekufa hii. Niachie elfu thelathini, tunaifomati, tunakuwekea Windows mpya, jioni unachukua."

Mimi nimeishia kidato cha nne, sijasomea kompyuta popote, lakini hapo akili iligoma. Nikamwuliza: "Kaka, kama imekufa, utafomati nini? Maiti nayo hufomatiwa?" Akacheka, akasema sista una maneno mengi. Nikamwuliza vya ndani vitabaki? Akasema, "Ukifomati vinaondoka, sasa ulitakaje?" Nikabeba mgonjwa wangu, nikarudi Mikese. Elfu thelathini yangu mfukoni, moyo wangu kooni.

Aliyeniokoa ni binamu yangu anayesoma SUA. Nilimpigia simu nikilia, hakuniuliza nalia nini. Aliuliza swali moja: inakwama wapi? Nikamwambia haiwaki. Akasema hapana, kutowaka ni neno kubwa. Feni inazunguka? Ndiyo. Basi umeme unaingia. Inalia pii pii pii mfululizo na skrini giza? Hapana. (Ingelia hivyo, anasema mara nyingi ni memori imelegea kwenye kitako chake au imeshika uchafu, wengi huichomoa wakasugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, ikarudi.) Nembo ya Windows inatokea? Inatokea. "Sasa we dada, hiyo nembo unadhani inatoka wapi kama si kwenye diski? Diski inasomeka hiyo, angalau mwanzo wake. Usiiguse tena, kesho nakuja."

Halafu akauliza swali la kijinga, au mimi nililiona la kijinga: "Tarehe inasemaje?" Nikamwambia Januari 1, 2009. Akanyamaza. "Imeanza lini kusema hivyo?" Wasomaji, hapo ndipo niliona aibu. Ilikuwa na mwezi mzima! Kila nikiiwasha saa iko nyuma, mimi naisahihisha, maisha yanaendelea.

Ijumaa jioni akashuka kwenye gari na begi lake. Kitu cha kwanza hakugusa ugonjwa. Tulichomoa waya wa umeme ukutani, nikashika chuma cha sipiyu kuondoa umeme wa mwilini, tukafungua ubavu. Vumbi la barabara ya Dar lote lilikuwa mle, na mjusi mkavu juu yake! Tukaitoa diski, akaiunga kwa waya wake kwenye laptop yake. Kimya. Mama kasimama mlangoni. Likatokea faili la kikoba, likafunguka, majina yote 30 na hisa zao. Mama akasema "Alhamdulillahi", akakaa chini palepale kwenye sakafu. Faili likaingia kwenye flashi, tena mbili.

Ndipo akanionyesha mchawi mwenyewe: kibetri cha duara kwenye madabodi, ukubwa wa sarafu, kimeandikwa CR2032. Kikiwa kizima ni volti 3. Chetu mita yake ilisoma volti moja na kidogo. Kazi ya kibetri hiki ni kuishikia mashine saa na mipangilio yake wakati haina umeme wa ukutani. Sasa mama yangu, kwa kuogopa radi, kila tukimaliza anachomoa waya. Siku zote hizo kibetri kinafanya kazi peke yake, kikaanza kwa kusahau saa, na Jumanne ile kikasahau kila kitu. Mashine ikarudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na katika mipangilio hiyo namna ya kuongea na diski ilikuwa ile ya zamani, IDE, wakati Windows yetu iliwekwa kwa AHCI. Windows inaanza, inaitafuta diski kwa njia iliyoizoea, haiioni, inazimia. Bluu!

Kibetri kipya alikuja nacho, shilingi elfu mbili. Tukarudisha diski, tukawasha, akaniambia nibonyeze mwenyewe kitufe cha kuingia BIOS. Nikaweka tarehe, nikatafuta sehemu ya diski, nikatoa IDE nikaweka AHCI, nikahifadhi. Nembo. Kiduara kikazunguka, kikazunguka... picha ya mdogo wangu kwenye skrini, kakenua meno! Nilipiga kigelegele mpaka jirani akaja.

Usiku uleule nilikwenda stationari nikachapisha kurasa zote. Jumamosi saa nne mgawo ukafanyika chini ya mwembe, sanduku likafunguliwa kwa funguo tatu, kila mtu akaitwa jina. Mama mmoja alihesabu zake mara tatu huku ananitazama mimi, sio pesa. Mwenyekiti akaagiza kuanzia wiki hii daftari lirudi, kompyuta iwe msaidizi. Sikubisha.

Mashine iko mezani, saa yake inasema kweli. Mama bado anachomoa waya mawingu yakitanda Uluguru, na radi za huku ninavyozijua simkatazi. Flashi moja ninayo mimi. Ile nyingine kaifunga kwenye pindo la kanga yake, pamoja na nauli.