Deni Halijumlishwi, Linazidishwa

Hebu jibu swali lililozua kelele barazani kwetu Kuze juzi, kila mtu na kikombe chake cha kahawa. Umekopa shilingi 1,000 kwa simu. Riba ni asilimia 10 kwa mwezi, na usipolipa, inaingia kwenye deni nayo inaanza kuzaa. Mwaka ukiisha bila kulipa hata senti, unadaiwa ngapi?

Karibu wote walisema 2,200. Jibu ni 3,138. Siwacheki, maana mimi nililijua hilo baada ya kudaiwa.

Shida ni kwamba tumezoeshwa kujumlisha. Hata kalkulasi niliyoisoma chuoni kabla sijaacha, ile ya Newton na Leibniz ya karne ya 17, huuliza: kitu kimeongezeka kwa kiasi gani? Unachukua cha leo, unatoa cha jana. Wallahi hakuna aliyeniambia kuna swali la pili: kimekuwa mara ngapi ya kile cha jana? Hapo hutoi, unagawanya.

Na si maneno ya barazani haya. Mwitaliano Vito Volterra alishaanza kuzidisha vipande badala ya kuvijumlisha mwaka 1887. Mwaka 1972, Michael Grossman na Robert Katz wakachapisha kitabu kizima, Non-Newtonian Calculus, kuhusu kalkulasi za namna hii.

Sasa rudi kwenye deni lako. Ukitoa, kila mwezi unapata namba mpya: 100, 110, 121, na bado zinapanda. Ukigawanya, unapata namba moja tu kuanzia mwanzo hadi mwisho: 1.1. Ile fujo yote ilikuwa kitu kimoja kinachojirudia.

Najua mwalimu wa hesabu atanijibu kwamba logarithimu hufanya kazi hiyo hiyo. Kweli kabisa, hesabu hizi mbili hutafsirika moja kwa nyingine. Lakini kijana anayebonyeza "kubali" saa sita usiku hana logarithimu kichwani. Swali moja rahisi anaweza kuwa nalo.

Kwa hivyo walimu, tufundisheni kuuliza "mara ngapi?" mapema, kabla simu haijatufundisha kwa uchungu. Na wewe unayesoma, kabla hujakopa tena, usiulize tu wataongeza shilingi ngapi. Uliza deni litazidishwa kwa ngapi, na mara ngapi. Kisha zidisha mwenyewe.