Bingwa wa Jirani na Mtoto Anayeshika Mkia

Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji kuushughulisha mwili wake kwa wastani wa dakika 60 kila siku, kiasi cha kuhema na kutoka jasho. Ndivyo linavyoshauri Shirika la Afya Duniani, likiongeza kwamba angalau siku 3 kwa wiki ziwemo shughuli za kukomaza misuli na mifupa, kama kukimbia kwa kasi, kuruka na kukwea. Dakika 60 si nyingi, na si lazima zipatikane kwa mkupuo mmoja. Hata hivyo, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 kutokana na takwimu za wanafunzi wa nchi 146 yalionyesha kwamba mwaka 2016 asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 hawakukifikia kiwango hicho. Kwa wasichana ilikuwa asilimia 85, kwa wavulana 78.

Afrika Mashariki ilizoea kudhani kwamba tatizo hili ni la wengine. Mtoto wa kijijini alitembea kwenda shule, akachota maji, akachunga mbuzi, na jioni akacheza mpaka alipoitwa kuoga. Wengi bado wanaishi hivyo, na kwao kinachopungua ni usingizi na chakula kuliko mazoezi. Mjini mambo yamegeuka. Basi la shule humchukua mtoto mlangoni alfajiri, tuisheni humshika hadi jioni, na anaporudi nyumbani hukuta uani pamejengwa vyumba vya kupangisha. Hapo ndipo simu ya mama inapogeuka kiwanja.

Michezo ya zamani ilifanya kazi ambayo sasa inatafutiwa bajeti. Rede ni mfano mzuri. Wawili husimama pande mbili wakirushiana mpira wa soksi, na wa katikati huukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Huinama, hukusanya gao moja, hugeuka, huruka, hulala chini, huinuka tena. Chupa ikijaa kabla hajapigwa, ameshinda. Dakika 20 za mchezo huo zina mbio fupi, mruko, shabaha na wepesi wa kugeuka, na vifaa vyake vyote hupatikana jalalani. Nchini Kenya mchezo wa aina hiyo huitwa kati. Chandimu, yaani soka la mtaani, nayo haihitaji zaidi ya matambara yaliyokazwa kwa kamba mpaka yadunde kidogo, na mawe mawili ya goli. Kinachohitajika na ambacho hakipatikani jalalani ni nafasi, watoto wengine wa kucheza nao, na mtu mzima asiyefukuza watoto.

Serikali na wafadhili wanapotaka kuwarudisha watoto uwanjani, kwa kawaida wazo la kwanza ni kumtafuta mtu maarufu. Linaonekana la busara, lakini ushahidi wake ni haba. Tafiti zilizolinganisha ushiriki wa watu katika mazoezi kabla na baada ya Michezo ya Olimpiki, hata katika nchi wenyeji, hazikukuta ongezeko la kudumu la kujivunia. Watu hutazama, hushangilia, kisha hukaa. Bingwa wa kwenye luninga humfundisha mtoto kuwa shabiki, na shabiki anaweza kuwa hodari sana akiwa kwenye kochi.

Bingwa wa jirani ni habari nyingine. Mji wa Iten, katika kaunti ya Elgeyo Marakwet nchini Kenya, uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na sifa yake ya riadha kwa kawaida huelezwa kwa hewa hiyo ya milimani. Hewa ni sehemu tu ya maelezo. Mtoto wa Iten anayekwenda shule asubuhi hupishana barabarani na wakimbiaji wa kimataifa wakiwa wamejaa vumbi jekundu, wamechoka, wengine wakichechemea. Haoni medali, anaona kazi. Katika Shule ya Upili ya St. Patrick's mjini humo, Brother Colm O'Connell, mmisionari kutoka Ireland, aliwasili mwaka 1976 kufundisha jiografia, akiwa hana mafunzo ya ukocha wa riadha. Alibaki miongo kadhaa. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa 1:40.91 mjini London mwaka 2012. Funzo lililomo humo ni la kukaa: mwalimu yuleyule, uwanja uleule, mwaka baada ya mwaka.

Tanzania nayo ina majirani wa namna hiyo. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mlio wa bastola hadi utepe huko Christchurch mwaka 1974 na kuweka rekodi ya dunia ya 3:32.2, baadaye alianzisha shule zinazobeba jina lake Kimara na Kibaha. Alphonce Simbu, kutoka Singida, alishinda marathoni ya mashindano ya dunia jijini Tokyo mwezi Septemba 2025 kwa muda wa 2:09:48, sawa kabisa na mshindi wa pili, Amanal Petros wa Ujerumani, mpaka picha ya utepeni ikaamua. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Mtoto wa Singida sasa anaweza kuambiwa kwamba aliyefanya hivyo alikulia kwenye vumbi analolijua.

Kuambiwa peke yake, hata hivyo, hakumtoi mtoto jasho. Ziara ya siku moja ndiyo namna rahisi na mbovu kuliko zote ya kumtumia mwanamichezo. Hufika na fulana za mdhamini, hutoa nasaha, hupiga picha, hugawa mipira 10. Wiki ya tatu mipira imetoboka na hakuna pampu. Fedha zilezile zingemlipa kijana wa mtaani aliyewahi kuuwakilisha mkoa wake katika mbio posho ya kuja kila Jumanne na Alhamisi kwa msimu mzima, na watoto wangemjua kwa jina naye akawajua.

Mathare, jijini Nairobi, ilionyesha mapema jinsi jambo hili linavyoweza kupangwa. Mathare Youth Sports Association ilianza mwaka 1987 kama ligi ya watoto wa mitaa ya mabanda, ikianzishwa na Bob Munro, raia wa Kanada. Watoto walikuwa tayari wanacheza, kwa mipira ya mifuko ya plastiki. Walichokosa ni ratiba, refa na mpira halisi. Ubunifu ulikuwa kwenye jedwali la ligi. Timu ilipata pointi kwa kushinda, na ilipata pointi pia kwa kujitokeza kusafisha mtaa. Timu dhaifu uwanjani ingeweza kupanda kwa koleo na toroli, na mtoto asiyejua kupiga chenga akawa na thamani kwa wenzake. Mwaka 1994 ikazaliwa Mathare United, iliyotwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008. Wachezaji wake walitarajiwa kutoa sehemu ya muda wao kuwafundisha wadogo, kwa hiyo nyota wa Jumapili ndiye aliyekuwa na kipenga Jumatatu. Ni vigumu kupata mpango mwingine wa kanda hii uliofunga fundo hilo vizuri hivyo.

Wasichana wanahitaji mpangilio wao. Kinachowatoa uwanjani kinajulikana: kazi za jikoni jioni, wazazi kuhofia giza la magharibi, nguo za michezo zinazozua maneno, hedhi, na makocha wa kiume wasioaminika. Moving the Goalposts, iliyoanza Kilifi mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilijibu kwa kuwapa wasichana wenyewe uendeshaji: wao ndio makocha, marefa, watoa huduma ya kwanza na wajumbe wa kamati. Mzazi wa Pwani anayesita kumwachia binti yake kocha mgeni hupata wepesi anapoona mwenye kipenga ni binti wa jirani aliyemjua tangu akiwa mdogo.

Mifumo ya shule hufanya karibu kinyume. UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, na UMISSETA, ya sekondari, zimeibua vipaji vingi vya Tanzania, na zilipositishwa kwa muda mwanzoni mwa miaka ya 2000 pengo lake lilionekana. Lakini ni ngazi za mchujo. Kutoka shule hadi kata, wilaya, mkoa na taifa, kila hatua huwarudisha wengi nyumbani, na anayerudishwa kwanza ni yuleyule anayehitaji mazoezi zaidi: mnene, mfupi, mlemavu, mwoga wa mpira. Kwa timu ya taifa mchujo ni sawa. Kwa afya ya darasa la watoto 80 haufai kitu. Ajabu ni kwamba mwanariadha wa Tanzania anayekumbukwa zaidi nje ya nchi alishika mkia. John Stephen Akhwari, wa Mbulu, alianguka na kuumia goti katika marathoni ya Mexico City mwaka 1968, akaingia uwanjani bandeji ikining'inia mguuni, saa nzima hivi baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Wakimbiaji 75 walianza, 57 walimaliza, naye alikuwa wa 57. Kwa mwalimu wa michezo mwenye kundi la watoto wa kila aina, simulizi hiyo ina matumizi mengi kuliko rekodi yoyote.

Yote haya yanadai ardhi. Januari 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirudi kutoka likizo na kukuta kiwanja chao kimezungushiwa ukuta. Waliandamana, polisi wakawarushia mabomu ya machozi, picha zikazunguka dunia, na ndipo kiwanja kikarudi shuleni. Mwaka huohuo Dar es Salaam ilipata kituo cha michezo cha vijana cha Jakaya Kikwete pale Kidongo Chekundu, karibu na Kariakoo, mahali ambapo kipande cha ardhi kingeweza kuwa maduka. Tofauti ya visa hivi viwili ni mtu aliyewahi mapema kwenye ofisi ya ardhi. Kamati ya mtaa au ya shule inayotaka kumwalika mwanariadha wake ina kazi kabla ya kushona jezi: kujua hati ya kiwanja iko kwa nani, mipaka yake imepimwa lini, na saa zipi ni za watoto kabla ligi za watu wazima hazijakimaliza.