AFYA YA NYUMBA: Wazee Watetemekao, na Hesabu Yao

Mwezi huu twapenda kusema juu ya ugonjwa mmoja wa mishipa ya fahamu ambao watu wengi wa Arusha na wa miteremko ya Meru hudhani kuwa ni wa nadra sana, na wengine hudhani si ugonjwa kabisa, bali uzee tu, au uchawi. Ni ugonjwa wa Parkinson, ulioitwa kwa jina la tabibu James Parkinson wa London, aliyeandika habari zake mwaka 1817.

Dalili zake ni hizi. Mkono hutetemeka hali umetulia juu ya goti, na mara nyingi huanza upande mmoja. Mwendo huwa wa polepole, na hatua fupi. Viungo hukakamaa, mwandiko huwa mdogo, na uso hauonyeshi tena furaha wala huzuni, hata watoto hudhani babu amekasirika. Sababu yake ni kufa kidogo kidogo kwa chembe za ubongo zitengenezazo dopamini, ambayo husaidia kuongoza mwendo wa mwili. Hauambukizi, wala mkono wa jirani haumo.

Je, wenye ugonjwa huu ni wangapi? Ukitoka Arusha na kupita Usa River kwenda Moshi, utaifikia wilaya ya Hai. Huko watu waliofundishwa kazi hiyo walikwenda nyumba kwa nyumba wakiuliza habari za dalili, kisha waliodhaniwa kuwa wagonjwa wakapimwa na madaktari. Matokeo yalipigwa chapa mwaka 2008: katika watu 161,071 walionekana wagonjwa 33, yaani kama 20 katika kila watu 100,000. Na neno la kuhuzunisha ni hili, kwamba wengi wa hao 33 hawakuwa wamepata kuambiwa jina la ugonjwa wao. Kama hesabu ingalitolewa katika vitabu vya hospitali tu, wangalionekana wachache mno.

Na mjini je? Hai ni shamba, na Arusha ni mji. Kipimo cha huko hakiwezi kuhamishwa bila hadhari. Mji hujaa vijana waliokuja kutafuta kazi, na ugonjwa huu huwapata hasa waliopita miaka 60. Tena mzee akidhoofika mjini, pengine hurudishwa kwa ndugu zake mlimani, naye hahesabiwi tena mjini. Hata hivyo, hesabu ya mwaka 2022 ilipata watu 617,631 katika jiji la Arusha. Tukikisia kwa kipimo cha Hai, wagonjwa wangekuwa kama 120. Ewe msomaji, wewe wawajua wangapi?

Basi uchache huu waweza kuwa si uchache wa wagonjwa, bali uchache wa waulizao. Mchungaji wa mfano wa Bwana wetu alijua kwamba kondoo mmoja amepotea, kwa kuwa aliijua hesabu ya kondoo wake 100.

Tena kuuliza kuna faida, kwa maana dawa ipo. Yaitwa levodopa, nayo imetumika tangu miaka ya 1960. Siku hizi huchanganywa na karbidopa, na Shirika la Afya Duniani limeitia katika orodha ya dawa zilizo muhimu. Haiuondoi ugonjwa, lakini huweza kulegeza viungo, hata mzee akashika kijiko mwenyewe na kutembea mpaka kanisani. Dawa hiyo isiachwe ghafula bila shauri la daktari.

Si kila kutetemeka ni Parkinson. Kwa hiyo mgonjwa na apelekwe hospitali apimwe, iwe ya Mount Meru mjini Arusha au KCMC huko Moshi. Nanyi walimu, ambao huingia nyumba nyingi, mkisikia ya kuwa mzee fulani hatoki tena chumbani kwa ajili ya haya ya kumwaga chai mbele ya wageni, ombeni kumwona, mkawaeleze watu wake kwa upole. Amri ya kuwaheshimu baba na mama haikomi mikono yao itetemekapo.