Wanyonya akili wa kitabuni na mikono yetu wenyewe

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), pamoja na Aali zake na Maswahaba wake.

Ndugu Waislamu, katika siku za karibuni kumezuka mjadala miongoni mwa vijana wetu wa Ulyankulu juu ya kitabu kimoja kinene cha Kiingereza, kilicholetwa na mwanafunzi aliyekuja likizo. Ni riwaya ya kutisha iitwayo Carrion Comfort, iliyotungwa na Mmarekani Dan Simmons na kutolewa mwaka 1989. Ina zaidi ya kurasa 600, na imepita mkono hadi mkono mpaka jalada lake limechakaa. Tumewasikiliza walioisoma, tukawasikiliza na wazee ambao hawakuisoma lakini wamekwisha kuihukumu, na tumeona kuwa ni wajibu wetu kusema neno.

Katika riwaya hiyo wamo watu wachache wenye uwezo wa kuingia katika akili ya mtu mwingine na kumwendesha kama mpanda farasi amwendeshavyo mnyama wake. Hawa hawanyonyi damu kama wale wa hadithi za Ulaya. Wao hunyonya hiari ya mtu. Humfanya mtu mwema aue, kisha wao hupata nguvu na ujana kutokana na mauaji hayo. Mmoja wao alikuwa afisa wa Wanazi wa Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili, aliyecheza sataranji kwa kuwatumia wafungwa kuwa kete zilizo hai. Myahudi mmoja aliyenusurika katika mchezo huo anakuja kuwa daktari wa maradhi ya akili, naye anamsaka adui yake kwa miaka mingi.

Maoni tuliyoyasikia ni ya namna nne. Wa kwanza wanakisifu kitabu. Wanakumbusha kuwa kilipata tuzo ya Bram Stoker, ambayo hutolewa kwa vitabu vya kutisha, na kwamba Stephen King, mwandishi mashuhuri wa fani hiyo, alikisifu mno. Wa pili wanasema ni kirefu kupita kiasi, na mauaji yamerundikana humo hata moyo wa msomaji unakufa ganzi. Wa tatu, nao wengi wao ni wazee wetu, wanasema mambo hayo ni sihri na kitabu kitiwe moto.

Maoni hayo matatu yanavumilika, na kila mmoja anayo hoja yake. Ni maoni ya nne yaliyotushitua. Hao wanasema kuwa yaliyoandikwa humo ni kweli tupu, kwamba watu wa namna hiyo wapo hapa hapa kwetu, na baada ya kusema hivyo wakaanza kutaja majina. Jina la kwanza lilikuwa la bibi mmoja mjane anayeishi peke yake.

Hapo ndipo tulipotambua kuwa mjadala huu si wa kitabu tena.

Hofu ya wanyonyaji ni ya zamani katika nchi zetu. Neno mumiani lina asili ya Uajemi, nalo lilikuwa jina la utomvu mweusi uliotumiwa kuwa dawa. Watu wa huku wakaamini kuwa dawa hiyo ni damu ya binadamu iliyogandishwa, na jina la dawa likawa jina la muuaji. Katika zama za ukoloni, watu wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam walisimuliana kuwa wazimamoto huwakamata watu usiku na kuwatoa damu. Mwanahistoria Luise White aliyakusanya masimulizi hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 2000. Sisi wa njia kuu ya misafara, iliyotoka Pwani kupitia Tabora hadi Ujiji, hatuna haja ya kushangaa kuwa hadithi hizo zilipata masikio. Babu zetu waliona kwa macho yao binadamu akitiwa mnyororo na kuuzwa. Aliyeyaona hayo haimwii vigumu kuamini kuwa kuna anayekula watu.

Lakini kufahamu chanzo cha hofu si kuihalalisha. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, watafiti wawili wa kilimo kutoka Arusha na dereva wao waliuawa na umati wa watu. Walikuja kuchukua sampuli za udongo. Ulipigwa ukelele kwamba wanyonya damu wameingia kijijini, na tangazo likatolewa kwa kipaza sauti cha nyumba ya ibada. Mwaka uliofuata, huko Malawi, uvumi kama huo ulisababisha watu kadhaa kuuawa, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe. Na Julai ya mwaka huo huo wa 2017, hapa mkoani kwetu, wilayani Nzega, wanawake watano waliuawa kwa tuhuma za uchawi.

Sasa tujiulize, ndugu zetu. Katika matukio hayo, ni nani aliyenyonywa akili? Watafiti wale hawakumwingia mtu yeyote, wala akina mama wale. Walioingiliwa ni wale waliokuwa na fimbo na mawe mikononi. Mtu mmoja alitamka neno, na mamia wakaiacha akili yao ikapandwa na neno hilo. Katika jambo hili riwaya ile imesema kweli, kwamba uovu mkubwa huifanya kazi yake kwa mikono ya watu wengine.

Hata hivyo, lipo jambo ambalo Muislamu hawezi kulikubali katika riwaya hiyo. Humo, anayeendeshwa hana hiari yoyote, na kwa hiyo hana lawama. Qur'ani Tukufu inatufundisha kinyume chake. Katika Surat Ibrahim, aya ya 22, tunaelezwa jinsi Shetani atakavyowakana wafuasi wake Siku ya Kiyama, akiwaambia kuwa hakuwa na mamlaka yoyote juu yao zaidi ya kuwaita, nao wakamwitikia, basi wajilaumu wenyewe. Ikiwa Iblisi mwenyewe hana uwezo wa kuushika mkono wa mtu na kuutia jiwe, ni nani atakayesimama mbele ya Mola wake na kusema kuwa uvumi ndio ulioua?

Hatusemi kuwa sihri haipo. Qur'ani imeitaja, na katika Surat al-Baqara, aya ya 102, imebainisha kuwa wachawi hawamdhuru mtu ila kwa idhini ya Allah. Tunachosema ni kwamba macho mekundu ya kikongwe aliyepikia kuni miaka hamsini si ushahidi wa sihri. Ndoto ya jirani si ushahidi, na ramli chonganishi si ushahidi. Mtume (SAW) ametuonya kuwa anayemwendea mpiga ramli na kumuuliza jambo, swala yake haikubaliwi siku arobaini. Itakuwaje kwa yule anayetoka huko akienda moja kwa moja kuua?

Ulyankulu ina sababu ya pekee ya kulizingatia jambo hili. Makazi haya yalifunguliwa mwaka 1972 kuwapokea watu waliokimbia mauaji ya Burundi, na wengi wao, pamoja na watoto wao, walianza kupokea vyeti vya uraia wa Tanzania mwaka 2014. Wamo miongoni mwetu wazee wanaojua, bila kusoma riwaya yoyote, jinsi jirani wa jana anavyogeuka kuwa muuaji wa leo kwa amri ya mtu mwingine. Wazee hao waulizwe, na vijana wasikilize.

Kwa hiyo, kitabu kile hatuoni haja ya kukichoma. Atakaye kukisoma akisome huku akijua kuwa ni hadithi, na asiyetaka anayo mengi ya kumfaa zaidi. Yaliyo muhimu ni haya. Kipaza sauti cha msikiti kisitangaze tuhuma ya mtu yeyote, iwe usiku au mchana, na maimamu wetu walisimamie hilo. Habari ikija, ichunguzwe kwanza kama tulivyoamrishwa katika Surat al-Hujurat, aya ya 6. Mwenye ushahidi wa kosa aupeleke kwa vyombo vya sheria. Na yule bibi aliyetajwa jina, tumeazimia baada ya swala ya Ijumaa ijayo tufike kwake tumjulie hali, tumchotee maji na kumpelekea kuni. Tunawaomba vijana waliomtaja watangulie mbele.

Allah (SW) atukinge na shari ya kila mwenye kutia wasiwasi katika vifua vya watu, na atukinge na shari ya mikono yetu wenyewe. Amin.

Wabillahi tawfiq.