Kata Pua Uunge Wajihi?
Maoni juu ya upasuaji wa konka za pua, na haki ya mgonjwa kujua yatakayomfika baadaye

Wahenga walisema, "Kata pua uunge wajihi." Walikusudia kwamba mtu huweza kulazimika kupoteza sehemu ili aokoe kitu kizima. Methali hiyo ni fumbo, lakini yapo maradhi ambayo tiba yake hukaribia kulifanya fumbo hilo kuwa kweli: mpasuaji huingiza chombo puani na kupunguza nyama inayomzuia mgonjwa asipumue vizuri. Upasuaji huo ni mfupi, na wengi waliofanyiwa wamepata nafuu kubwa. Hata hivyo, maoni yetu katika makala haya ni kwamba kazi ya mpasuaji ni nusu tu ya tiba. Nusu ya pili ni wiki za kupona, nayo imo mikononi mwa mgonjwa mwenyewe. Kwa hiyo mgonjwa ambaye hakuelezwa mapema yatakayomfika baada ya upasuaji ametibiwa nusu.

Ili kuona sababu ya maoni haya, hatuna budi kuanza na pua yenyewe.

Konka na kazi yake

Ndani ya kila tundu la pua, kwenye ukuta wa nje, mna vipande vitatu vya mfupa mwembamba uliojikunja, kimoja juu ya kingine. Wataalamu huviita konka, neno la Kilatini lenye maana ya kombe la baharini, kwa sababu ya umbo lake. Iliyo kubwa kuliko zote ni konka ya chini, nayo ndiyo inayohusika zaidi na habari hii. Mfupa wake umevikwa utando laini unaotoa ute, na chini ya utando huo mna mishipa mingi ya damu inayoweza kujaa na kunywea. Mishipa hiyo ikijaa, konka huvimba na njia ya hewa hupungua. Ikinywea, njia hupanuka.

Mtu mzima aliyetulia huvuta takriban nusu lita ya hewa kwa pumzi moja, na hupumua kama mara 15 kwa dakika. Mwanafunzi akizidisha, atapata lita 10,800 kwa siku. Hewa hiyo yaweza kuwa ya baridi kali ya asubuhi milimani, au kavu na yenye vumbi kama ya nyanda za kati wakati wa kiangazi. Lakini inapofika kooni joto lake limekwisha kukaribia lile la mwili, na imekwisha kushiba mvuke. Vumbi na vijidudu vingi vimekwisha kunaswa na ute. Ute huo nao husukumwa na silia, yaani vijinywele visivyoonekana kwa macho, kwa mwendo wa takriban milimita 6 kwa dakika, hadi kooni ambako humezwa. Hivyo konka si nyama ya ziada. Ni karakana ya hewa, na mfanyakazi mkuu wa karakana hiyo ni ule utando.

Jambo jingine la ajabu lilielezwa mwaka 1895 na daktari Mjerumani, Richard Kayser. Katika watu wengi wenye afya, matundu mawili ya pua hupokezana zamu: konka za upande mmoja hujaa damu huku za upande wa pili zikinywea, na baada ya saa kadhaa hali hugeuka. Mwalimu aweza kulionyesha hili darasani kwa kioo kidogo kilicho baridi. Mwanafunzi akishike chini ya pua na kutoa pumzi taratibu, mdomo ukiwa umefumbwa. Yatatokea mabaka mawili ya ukungu, aghalabu moja kubwa kuliko jingine. Akirudia baada ya saa tatu au nne, huenda akaona ukubwa umehama upande. Kwa hiyo kuziba kwa tundu moja kwa muda si ugonjwa.

Wakati kisu kinapohitajika

Ugonjwa ni pale konka zinapovimba na kukaa hivyo kwa miezi, mtu akalala mdomo wazi, akakoroma, akaamka na koo kavu na kichwa kizito. Sababu kubwa ni mzio wa vumbi, ukungu wa kuta au chavua ya maua. Moshi wa kuni, mkaa na sigara. Na kupinda kwa ukuta wa kati unaotenganisha matundu mawili. Iko pia sababu ambayo watu hujiletea bila kujua: matone ya kuzibua pua yanayonunuliwa dukani. Dawa hizo huinywesha mishipa kwa haraka, lakini zikitumiwa mfululizo kwa zaidi ya siku chache, mishipa huzizoea, na kila nguvu ya dawa inapokwisha pua huziba zaidi ya mwanzo. Mgonjwa huongeza matone, na matone huongeza ugonjwa.

Kwa hiyo kisu si tiba ya kwanza. Kwanza kiondolewe kinachochokoza pua, matone hayo yaachwe kwa ushauri wa daktari, na ijaribiwe kwa wiki kadhaa dawa ya kupuliza yenye steroidi pamoja na kuosha pua kwa maji ya chumvi. Upasuaji huja pale njia hizi zinaposhindwa. Tena ieleweke kwamba upasuaji hupunguza uvimbe, hauondoi mzio. Mwenye mzio akiacha dawa zake kwa kudhani amekwisha pona, konka zaweza kuvimba tena baada ya miaka.

Ni kiasi gani kikatwe?

Mwishoni mwa karne ya 19 wapasuaji wa Ulaya walianza kuzikata konka za chini na kuziondoa kabisa. Hoja yao ilionekana ya wazi: kinachoziba njia kiondolewe, njia ifunguke. Lakini baadhi ya wagonjwa walibaki na pua kavu iliyojaa vigaga, na wengine walilalamika kwamba hawapati hewa ingawa pua zao zilikuwa wazi kabisa. Mwaka 1994, Eugene Kern na Monika Stenkvist wa Mayo Clinic, Marekani, waliipa hali hiyo jina ambalo kwa Kiswahili twaweza kuliita ugonjwa wa pua tupu. Ni hali isiyotokea mara nyingi, na wataalamu wangali wakijadiliana juu ya chanzo chake, lakini humtesa sana aliyepatwa nayo.

Yawezekanaje mtu akose hewa ilhali njia ni pana? Sehemu ya jibu imo katika neva. Pua hutambua kwamba hewa inapita kwa kuhisi ubaridi wake kwenye utando. Mwaka 1983, Ron Eccles na mwenzake huko Cardiff, Uingereza, walionyesha kwamba mtu akivuta mentholi, ile iliyomo katika peremende, huhisi pua imefunguka, ingawa vipimo vyaonyesha kwamba njia ya hewa haikupanuka hata kidogo. Utando ukiondolewa, huondoka na neva zake, na hewa hupita bila kuhisiwa.

Kwa sababu hiyo wapasuaji wengi siku hizi hupunguza konka kutoka ndani na kuuacha utando. Wapo wanaotoa tishu na kipande cha mfupa chini ya utando, wapo wanaotumia joto la mawimbi ya redio, na wapo wanaoisukuma konka pembeni ili njia ipanuke. Mwaka 2003 Desiderio Passali na wenzake wa Siena, Italia, walitoa matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 382 kwa miaka sita, wakilinganisha njia sita za upasuaji. Iliyofaulu kuliko zote ilikuwa kupunguza tishu chini ya utando pamoja na kuisukuma konka pembeni: pua zilibaki wazi na utando ukarudi kazini. Basi swali la kwanza la mgonjwa kwa daktari wake liwe hili: "Utapunguza nini, na utaacha nini?"

Wiki za kupona

Upasuaji wenyewe aghalabu huchukua chini ya saa moja, kwa dawa ya ganzi au ya usingizi, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Hapo ndipo nusu ya pili ya tiba inapoanza.

Wiki ya kwanza. Pua huziba, pengine zaidi ya kabla ya upasuaji. Hili humshtua mgonjwa, naye hudhani ameharibiwa. Sivyo, tishu yoyote iliyojeruhiwa huvimba. Majimaji yenye damu hudondoka kwa siku mbili tatu, kunusa na kuonja hupungua, na koo hukauka kwa kupumulia mdomoni. Alale kichwa kikiwa juu kwa mito miwili. Asipenge kamasi, chafya ikija, aipige mdomo ukiwa wazi. Maumivu aghalabu hutulizwa na parasetamoli. Asipirini na ibuprofeni zaweza kuongeza damu, asizitumie bila idhini ya daktari.

Wiki ya pili hadi ya nne. Ndani ya pua hufanyika vigaga vya ute na damu iliyokauka. Kidole kisiingie; kigaga kinachong'olewa huondoka na utando mchanga ulioanza kuota chini yake, na damu hutoka upya. Kigaga hulainishwa kwa maji ya chumvi mara kadhaa kwa siku, kikatoka chenyewe. Damu yaweza kutoka hata katika wiki ya pili, mgonjwa akidhani amekwisha salimika. Kwa hiyo kubeba ndoo, kulima na kucheza mpira kusubiri hadi zitimie wiki mbili, au kadiri daktari atakavyosema. Moshi na vumbi viepukwe kabisa.

Wiki ya tatu hadi ya sita. Wengi huanza kuhisi hewa ikipita. Lakini silia na utando huchukua muda zaidi kukamilika, hivyo hukumu ya mwisho juu ya upasuaji isitolewe kabla ya miezi miwili au mitatu.

Maji ya chumvi hutengenezwa nyumbani: nusu kijiko cha chai cha chumvi katika robo lita ya maji. Maji hayo lazima yawe yamechemshwa, kisha yakapoa. Hili si pambo la usafi. Mwaka 2011, katika jimbo la Louisiana, Marekani, watu wawili walifariki baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba yaliyokuwa na amiba aina ya Naegleria fowleri, ambaye hupenya kutoka puani hadi ubongoni. Mwenye kutawadha naye, katika wiki hizo, atumie maji yaliyochemshwa, wala asiyavute puani kwa nguvu.

Damu ikianza kutoka, mgonjwa akae wima, ainamishe kichwa mbele, na abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 akipumua kwa mdomo. Isipokoma, au ikiwa nyingi, aende hospitali bila kukawia. Afanye vivyo hivyo akipatwa na homa kali, usaha wenye harufu, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua.

Haki ya kujua

Wapo wanaosema kwamba kumweleza mgonjwa mengi ni kumtia hofu, na kwamba katika hospitali zenye foleni ndefu daktari hana nafasi ya maelezo. Twaiheshimu kazi ya madaktari wetu, lakini hoja hizi hatukubaliani nazo. Methali husema, "Mgonjwa haulizwi uji". Na iwe hivyo kwa uji, lakini kwa kisu lazima aulizwe, na kabla ya kuulizwa aelezwe. Anayejua kwamba pua yake itaziba siku ya tatu ataivumilia siku ya tatu. Asiyejua atakimbilia yale yale matone ya dukani, atachokoa vigaga, na mwishowe ataulaumu upasuaji kwa madhara aliyojitia mwenyewe. Saini yake katika fomu ya kukubali upasuaji haina maana ikiwa hakuelewa anachokubali. Dawa ya upungufu wa nafasi ni nyepesi: karatasi moja ya Kiswahili fasaha, apewe mgonjwa siku anapopangiwa upasuaji wala si siku anapotoka.

Shule nazo zina sehemu yao. Mwanafunzi aliyefanyiwa upasuaji huu akirudi darasani, asipewe zamu ya kufagia wala kufuta ubao wa chaki, na asilazimishwe mchakamchaka. Akiomba ruhusa ya kwenda kuosha pua, apewe bila kuulizwa mara mbili. Mzazi naye, kama daktari anaona hakuna haraka, asiupange upasuaji katika wiki za kukaribia mtihani. Na katika somo la Biolojia, pua isipitwe kama mlango tu wa kuelekea mapafuni. Kipindi kimoja chenye kioo na hesabu ya lita 10,800 chatosha kumpa kijana maarifa atakayoyahitaji siku atakapoketi mbele ya daktari, yeye au mzazi wake, na kuulizwa kama anakubali.