Afya ya Nyumbani: Mwizi Apigaye Kelele za Mwizi

Wengi wetu tumeiona damu hiyo. Mtu ameamka alfajiri, amepiga mswaki, ametema, na ndani ya povu jeupe pana uzi mwembamba mwekundu. Maumivu hakuna. Hutawadha, huswali, huendelea na shughuli zake, na kesho yake akifika upande ule huupitisha mswaki kwa huruma, au huuruka kabisa ili ufizi upumzike. Sisi wenyewe tumefanya hivyo miaka mingi na tukawafunza watoto wetu kufanya vivyo hivyo. Kumbe tulikuwa tukimsaidia adui.

Adui huyo huanzia kwenye ukoga, lile tabaka laini linalojijenga pale jino linapoingia ufizini. Humo huishi bakteria wa aina nyingi mno, na wengi wao hawana neno. Mmoja wao, ambaye wataalamu humwita Porphyromonas gingivalis, hupenda kujificha mahali pasipo na hewa, ndani ya mfuko mdogo ulio kati ya jino na ufizi. Tabia yake ya kwanza ni ya kustaajabisha: hategemei sukari. Bakteria watoboao meno ndio wapendao sukari, na kwa sababu yao tunawanyima watoto peremende na kuwapunguzia halwa na kaimati zenye shira. Huyu riziki yake ni vipande vya protini, pamoja na madini ya chuma yapatikanayo katika damu. Kwa hiyo ahitaji ufizi uvimbe na uvuje. Penye amani hufa njaa.

Sasa mtu atauliza, je, kinga ya mwili iko wapi? Iko, tena ipo kazini usiku na mchana, na hapo ndipo penye hila.

Ndani ya damu yetu mna kundi la protini zaidi ya 30 liitwalo komplementi. Bakteria mgeni aingiapo, protini hizi huamshana kwa zamu. Nyingine humtia alama, nyingine humtoboa, na kipande kimoja kidogo kiitwacho C5a huenda kupiga mbiu ili askari waje. Askari wenyewe ni chembe nyeupe za damu za aina ya nyutrofili, ambazo kazi yao ni kummeza mvamizi na kumuua.

Bakteria wetu ana vimeng'enya viitwavyo jinjipeini, vikatavyo protini mithili ya makasi. Kwa makasi hayo huziharibu protini ambazo zingemtia alama. Lakini protini iitwayo C5 haiharibu ovyo. Huikata mahali pale pale ambapo mwili ungeikata, na kipande cha C5a kikatoka. Yaani mbiu ya kuwaita askari huipiga yeye mwenyewe. Ni kama yule mwizi wa sokoni akimbiaye huku akipaza sauti kuliko watu wote, "Mwizi! Mwizi!" Umati humiminika, meza za nyanya hupinduliwa, watu hukanyagana, naye huendelea kujaza mfuko wake.

Askari wafikapo, huwachezea mara ya pili. Juu ya nyutrofili mna vipokezi vya kupokea habari, kimoja cha C5a na kingine, kiitwacho TLR2, cha kuwatambua bakteria. Yeye huvigusa vyote viwili kwa pamoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 na kundi la George Hajishengallis wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, ulionyesha kwamba mguso huo huifanya chembe iivunje protini yake yenyewe, MyD88, ambayo hupeleka amri ya kuua. Amri ya kuua hukatika. Amri ya kuvimba hubaki. Ufizi hujaa askari wenye hasira wasiompiga mlengwa, na silaha zao huishia kuharibu nyama ya ufizi na kuuyeyusha mfupa wa taya ulioshika jino. Mabaki hayo ndiyo karamu ya bakteria, na majirani zake hualikwa.

Wala hahitaji kuwa wengi. Mwaka 2011 kundi hilo hilo lilieleza kwamba katika vinywa vya panya alitosha akiwa chini ya asilimia 0.01 ya bakteria wote ili mfupa uanze kuliwa. Panya waliolelewa bila bakteria wowote, walipopewa yeye peke yake, mifupa yao haikudhurika. Nguvu yake ni kuwafungulia wengine mlango.

Kwa hiyo kungoja mwili umalize vita hivi peke yake ni kungoja bure. Na vidonge vya antibayotiki vinunuliwavyo dukani bila ushauri wa daktari havifui dafu, kwa kuwa dawa hupenya kwa shida ndani ya ukoga ulioshikamana. Ukoga hautaki dawa kwanza, wataka kusuguliwa. Mti wa mswaki, ambao wazee wetu waliushika kwa kufuata sunna, hufanya kazi hiyo vyema iwapo nyuzi zake ni laini, ncha imekatwa upya, na umefikishwa mpakani mwa jino na ufizi, meno ya nyuma yakiwamo. Brashi laini pia yatosha. Palipo na damu ndipo pa kusafishwa, taratibu, bila kuparua.

Mama mjamzito asiambiwe tu kwamba ni mambo ya mimba. Ni kweli homoni huzifanya fizi zivimbe upesi, lakini ukoga ndio uchokozi, na kusafishwa meno kliniki wakati wa mimba ni salama. Mwenye kisukari naye aangalie zaidi, maana sukari ikipanda fizi huharibika, na fizi zikiharibika sukari huwa ngumu kushuka. Mvuta sigara asijipongeze kwa kutoona damu, tumbaku huificha.

Ugonjwa ukiwa bado juujuu, damu hupungua baada ya wiki moja au mbili za usafi wa makini. Isipopungua, au meno yakianza kucheza, nenda kwa daktari wa meno. Atachomeka kipimo chembamba kando ya kila jino. Muulize amesoma milimita ngapi: 1 hadi 3 ni salama, kuanzia 4 mfuko umeanza kuchimbika, na ukoga uliogeuka jiwe humo ndani hautafikiwa na mswaki wowote wa nyumbani.